Las Vegas, Septemba hadi Novemba: fungasha kwa tofauti, usifungashe kwa wastani

Anayejiandaa kwenda Las Vegas mwezi wa Oktoba hufungua simu, akaona nyuzi 27 mchana, akatosheka. Fulana kadhaa, kaptula, ndala na miwani ya jua, begi limefungwa. Akishafika hushangaa kwamba anatokwa jasho saa nane mchana, anatetemeka saa nne usiku, na katikati ya hapo amekaa ndani ya ukumbi baridi akijifunika taulo la bwawani.

Utabiri haukumdanganya. Ulimpa namba moja tu, na jangwani namba moja haitoshi. Unahitaji kujua joto litashuka kiasi gani jua likizama, ndani ya majengo kukoje, na kama safari yako itakutoa bondeni kwenda milimani. Tofauti hizo ndizo zinazoamua begi libebe nini, kuliko wastani wa mchana.

Tuanze na chanzo. Las Vegas imo katika jangwa la Mojave, kusini mwa jimbo la Nevada nchini Marekani, kwenye bonde lililo mita 610 hivi juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi, katika jimbo la California, imesimama safu ya milima ya Sierra Nevada. Hewa yenye unyevu inayotoka bahari ya Pasifiki hulazimika kuipanda milima hiyo. Ikipanda hupoa, ikipoa humwaga mvua na theluji yake hukohuko, na inapoteremka upande wa Nevada imeshakauka. Ndiyo maana mji huu hupata kama milimita 106 tu za mvua kwa mwaka mzima. Mwaka 2020, kuanzia Aprili hadi Desemba, ulikaa siku 240 mfululizo bila mvua ya kupimika.

Ukavu huo una matokeo ambayo mgeni hayatarajii. Mchana jua huichoma ardhi bila wingu la kulizuia. Usiku ardhi huanza kulirudisha joto lile angani, na kwa kawaida mvuke wa maji na mawingu hulinasa sehemu yake na kulirejesha chini, mithili ya blanketi. Jangwani blanketi hilo ni jembamba mno. Joto linapaa na kupotea, na kati ya saa tisa alasiri na alfajiri vipimo hushuka kwa nyuzi 12 au zaidi, bila mvua na bila upepo wa baridi kutoka popote.

Kuna jambo la kuongezea hapa ambalo wengi hawalijui. Kituo kinachotoa vipimo rasmi vya Las Vegas kiko uwanja wa ndege wa Harry Reid, jirani kabisa na Strip, ile barabara ya mahoteli makubwa. Eneo hilo limejaa zege na lami, vitu vinavyohifadhi joto la mchana na kulitoa polepole usiku kucha. Kwa hiyo namba ya usiku unayoisoma ni ya sehemu yenye joto kuliko viunga vya mji. Ukipanga kulala nje kidogo ya mji, au kupiga hema jangwani, ihesabu hiyo namba kuwa ya juu mno, na uongeze nguo.

Miezi mitatu isiyofanana

Watu husema "msimu wa mapukutiko" kana kwamba ni kitu kimoja. Katika mji huu Septemba na Novemba hazina undugu wowote.

Septemba ni kiangazi kilichogoma kuondoka. Wastani wa juu ni karibu nyuzi 35, na usiku ni kama 22. Huu ni mji ambao tarehe 7 Julai 2024 ulifikisha nyuzi 48.9, rekodi yake ya wakati wote, kwa hiyo wenyeji huiona Septemba kuwa nafuu. Wewe usiione hivyo. Fungasha kama unayekwenda joto kali: nguo nyepesi zinazopitisha hewa, kofia pana, nguo mbili za kuogelea ili moja ikauke wakati nyingine inavaliwa (ingawa kwa ukavu ule hata hiyo moja itakauka ukiwa unakunywa chai). Kitu cha mikono mirefu kitahitajika kwa ajili ya viyoyozi tu.

Oktoba ndiyo yenye utata, na ndiyo wageni wengi huichagua. Wastani wa mwezi unasema nyuzi 27 mchana na 15 usiku, lakini mwezi huu huteremka kama ngazi. Siku za mwanzo bado zinagusa nyuzi 31 au 32. Siku za mwisho zinakaribia 23. Aliyekwenda tarehe 3 na aliyekwenda tarehe 29 watakusimulia miji miwili tofauti, na wote wawili watakuwa wakweli. Kwa hiyo ushauri unaousikia wa "Oktoba vaa hivi" hauna maana mpaka msemaji aseme ni wiki gani.

Jambo jingine la Oktoba ni upepo. Kadiri msimu unavyosonga, mikanda ya hewa baridi kutoka kaskazini magharibi huanza kupita. Mara nyingi haileti mvua. Inaleta upepo wenye vumbi, kisha kesho yake joto limeshuka nyuzi nane au kumi ikilinganishwa na jana. Mtu aliyefungasha kwa kutazama wastani hana jibu kwa siku kama hiyo. Aliye na jaketi jepesi la kuzuia upepo, lile linalokunjika likaingia kwenye mkoba, hana tatizo. Ningeambiwa nichague nguo moja tu ya kuongeza kwenye begi la Oktoba, ningechagua hiyo na kuliacha sweta zito nyumbani, kwa sababu jangwani upepo ndio unaokupokonya joto la mwili.

Novemba ni baridi, tuseme wazi. Mchana ni nyuzi 19 hivi kwa wastani, usiku ni kama 8, na mwishoni mwa mwezi hata mchana wenyewe hukaribia 16. Juani ni raha, kivulini si raha, na usiku unahitaji koti la kweli, suruali ndefu na soksi. Mashindano ya magari ya Formula 1 yalipokimbizwa kwenye mitaa ya Strip kwa mara ya kwanza Novemba 2023, yakianza saa nne usiku, mojawapo ya mambo yaliyozungumzwa sana kabla ya mbio ni kama matairi yangeweza kupata joto la kutosha kushika barabara. Ukienda kukaa jukwaani saa kadhaa usiku kama ule, jiulize swali hilohilo kuhusu miguu yako.

Kuhusu mabwawa: hoteli nyingi hupunguza saa za mabwawa yao au kufunga baadhi yake kadiri msimu unavyopoa. Kama bwawa ndilo limekuvuta, ulizia hoteli yenyewe kabla ya kulipia chumba.

Ndani ni nchi nyingine

Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Las Vegas ni mji wa ndani. Kasino, kumbi za maonyesho, mikahawa na maduka vyote viko chini ya paa, na viyoyozi havipumziki. Mchana wa Septemba unaweza kutoka kwenye nyuzi 37 na kuingia kwenye ukumbi wa nyuzi 21 kwa kuvuka mlango mmoja, mwili ukiwa bado umelowa jasho. Jasho hilo likianza kukauka kwenye hewa baridi na kavu, utahisi ubaridi kuliko kipimo kinavyosema.

Suluhisho ni nguo za kuvaliana. Ndani kabisa fulana nyepesi au blauzi isiyobana. Juu yake shati la mikono mirefu au kadigani. Mwisho jaketi la upepo. Kila kipande kiwe kinavuliwa na kurudishwa bila kukupeleka chooni. Mtandio au skafu pana hufanya kazi kuliko inavyoonekana: unafunika mabega ukumbini, unakinga shingo juani, unaziba pua vumbi likivuma, na kwenye ndege unageuka shuka.

Kitu kingine cha ndani ni moshi. Sheria ya Nevada ya hewa safi ya mwaka 2006 ilipiga marufuku uvutaji katika sehemu nyingi za umma, lakini kumbi za michezo ya kubahatisha ziliachwa nje ya marufuku hiyo. Mwenye pumu asiiweke dawa yake ya kuvuta kwenye begi kubwa, iwe mfukoni. Na nguo uliyopita nayo kasino huenda usitake kuivaa tena kesho, kwa hiyo ongeza fulana moja kwenye hesabu yako.

Na viatu. Strip ina urefu wa kilomita 6.8, na majengo yake ni makubwa kiasi cha kuyafanya macho yakudanganye: hoteli inayoonekana iko hapo mbele inaweza kukuchukua nusu saa, maana njia inakupandisha madaraja ya waenda kwa miguu, inakupitisha ndani ya kasino na kukutoa mlango usioutarajia. Raba zilizokwisha kuzoea mguu ndiyo nguo muhimu kuliko zote utakazobeba. Usizinunue wiki ya safari. Ndala ziwe za bwawani tu. Kama unakusudia kwenda klabu za usiku au mikahawa ya hadhi, weka jozi moja ya viatu vya heshima na, kwa wanaume, suruali ndefu na shati lenye kola, kwani nyingi kati ya sehemu hizo humrudisha mlangoni aliyevaa kaptula na ndala.

Ukitoka bondeni

Kanuni moja ya hewa inafaa kukaririwa: hewa kavu ikipanda, hupoa karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita moja. Kwenye nchi ya mabonde na milima kama Nevada na majirani zake, maana yake ni kwamba mwendo wa saa moja kwa gari unaweza kukubadilishia msimu.

Mfano mzuri ni Mlima Charleston, magharibi ya mji, ambao kilele chake kinafika mita 3,632. Huko majani ya miti ya aspeni hugeuka manjano kati ya mwisho wa Septemba na Oktoba, na hii ndiyo sehemu pekee karibu na Las Vegas ambapo msimu wa mapukutiko unafanana na ule wa kwenye picha. Kwenye makazi na njia za chini za mlima huo, joto mara nyingi huwa nyuzi 10 hadi 15 chini ya la mjini. Watu hupanda kutoka Strip wakiwa na kaptula, wakapiga picha mbili, wakakimbilia kwenye gari.

Grand Canyon, lile korongo kubwa la jimbo jirani la Arizona, inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu watu husema jina moja wakimaanisha sehemu mbili. Ukingo wa Magharibi, wenye daraja la kioo lililofunguliwa 2007, uko kwenye ardhi ya kabila la Hualapai, na kwenda na kurudi siku hiyohiyo si shida. Ukingo wa Kusini, ulio ndani ya hifadhi ya taifa, ni zaidi ya saa nne kwa gari na uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Oktoba usiku wa huko unaweza kufika kwenye barafu, na theluji si ajabu kabla Novemba haijaisha. Kabla ya kufungasha, hakikisha tiketi yako ni ya ukingo upi. Wa kwanza unahitaji jaketi. Wa pili, hasa ukilala huko, unahitaji kofia ya sufu na glavu.

Kanuni hiyohiyo inafanya kazi pia kwa kuteremka. Death Valley, kama saa mbili kutoka mjini, ina sehemu iliyo mita 86 chini ya usawa wa bahari, na ndiko kunakoshikilia rekodi ya dunia ya nyuzi 56.7, iliyopimwa tarehe 10 Julai 1913. Septemba huko bado ni nyuzi 41 kwa wastani wa mchana. Mimi singemshauri mtu aende kutembea kwa miguu huko kabla ya Novemba, hata akiwa kijana mwenye nguvu; Novemba, kwa nyuzi 25, ni pazuri ajabu.

Red Rock Canyon iko jirani zaidi, kilomita 27 tu hivi magharibi ya Strip, na tatizo lake ni la karatasi kuliko la nguo: kuanzia Oktoba 1 hadi Mei 31, kuingia na gari kwenye barabara yake ya mandhari kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni kunahitaji nafasi uliyoikata mtandaoni mapema. Ukiwa huko, beba maji kuliko unavyodhani, na uvae viatu vyenye soli inayoshika mawe.

Ukavu

Pengine hiki ndicho kipengele kinachodharauliwa zaidi, kwa sababu hakionekani kwenye utabiri unaotazamwa kwa haraka. Hewa inapokuwa kavu, jasho hukauka kabla hujaliona. Hiyo ndiyo sababu nyuzi 32 za Las Vegas zinavumilika kuliko nyuzi 32 za pwani yenye unyevu, na ndiyo hatari yake pia: mwili unapoteza maji bila kukupa dalili ya fulana iliyolowa. Kichwa kinauma, mtu anadhani ni uchovu wa ndege. Akiongeza pombe juu yake, na katika mji huu pombe haikosi kukufuata, hali inakuwa mbaya zaidi. Chupa ya maji ya kujaziwa ni bora kuliko kununua chupa ndogondogo siku nzima. Maji ya bomba yanayotoka zaidi Ziwa Mead yanatibiwa na yananyweka, ingawa yana chumvichumvi za madini na ladha yake haimpendezi kila mtu.

Midomo hupasuka siku ya pili. Pua hukauka na kwa baadhi ya watu hutoa damu. Wanaovaa lenzi za macho huteseka. Beba mafuta ya midomo, mafuta mazito ya kujipaka (losheni nyepesi yenye maji mengi haidumu), dawa ya matone ya macho na, kama una historia ya kutoka damu puani, dawa ya maji ya chumvi ya kupuliza. Losheni ya kukinga jua bado inahitajika: Septemba jua ni kali kabisa, na hata Oktoba linachoma mtu anayetembea saa nyingi, kwa kuwa ubaridi wa upepo humfanya asahau. Kumbuka kwamba kwenye viwanja vya ndege vya Marekani vimiminika vya begi la mkononi havitakiwi kuzidi mililita 100 kwa kichupa. Chupa kubwa za losheni ziende kwenye begi la kupakiwa.

Mwavuli uache. Mvua ni chache, na ikija mara nyingi huja na upepo utakaougeuza mwavuli kichwa chini. Ila usidharau mvua yenyewe. Hadi mwisho wa Septemba eneo hili bado liko ndani ya msimu wa monsuni ya Amerika Kaskazini, inayoleta mvua za radi za ghafla. Ardhi ngumu ya jangwa hainyonyi maji haraka, kwa hiyo mabonde makavu na barabara za chini hugeuka mito ndani ya dakika chache, wakati mwingine kutokana na mvua iliyonyesha mbali usikoiona. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kulisogeza gari dogo. Ukiwa umekodi gari na ukakuta barabara imefunikwa na maji, geuza.

Vipimo, saa na mipaka

Utabiri wa wenyeji hutolewa kwa Farenhaiti. Njia ya haraka ni kutoa 30 kisha kugawa kwa mbili. Nyuzi 50 za Farenhaiti zinakupa 10 za Selsiasi, sawasawa kabisa; 60 zinakupa 15, karibu sana na ukweli. Kwenye joto kali njia hii hupunguza: 100 inakupa 35 ilhali ukweli ni karibu 38. Soma namba ya chini ya siku kabla ya ile ya juu, kisha tazama kasi ya upepo, na utazame utabiri wa kila sehemu utakayokwenda kwa jina lake, kwa kuwa utabiri wa Las Vegas hausemi lolote kuhusu Ukingo wa Kusini.

Halafu kuna saa. Jumapili ya kwanza ya Novemba Nevada hurudisha saa nyuma kwa saa moja. Jua lililokuwa likizama karibu saa kumi na mbili kasorobo jioni, ghafla linazama kabla ya saa kumi na moja, na ubaridi unaanza nalo. Aliyepanga kupanda miamba alasiri anahitaji tochi na jaketi begini hata kama mchana ulikuwa wa fulana. Arizona, jimbo la jirani, haibadilishi saa, isipokuwa kwenye ardhi ya kabila la Wanavajo. Kwenye bwawa la Hoover, lililo mpakani mwa majimbo haya mawili, minara ya kuingizia maji ina saa mbili za ukutani, moja ya Nevada na nyingine ya Arizona: Oktoba zinalingana, baada ya Jumapili ile zinapishana kwa saa nzima. Kama umelipia ziara upande wa Arizona mwezi wa Novemba, muulize anayekupeleka saa aliyoandika kwenye tiketi ni ya jimbo gani.